Kabla ya kuiogopa kompyuta ya Japani, kagua GPS uliyofungiwa Tabora

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuchangie mjadala wa magari ya kisasa na siri za wenye magari. Swali linalofika gereji siku hizi, hasa kwa wenye gari namba E, yaani yaliyosajiliwa karibuni, ni moja: hili gari langu linanichunguza? Wengi wamesikia kwamba magari mapya yanarekodi mwendo, mahali na hata mazungumzo, kisha taarifa hizo zinauzwa. Habari yenyewe ni ya kweli, ila kwa magari mengi yanayotembea Tabora, Nzega, Urambo na Sikonge inaelekeza hofu pasipohusika. Sisi ni mafundi umeme wa magari, na kwa mtazamo wetu anayezijua safari za gari lako yuko karibu sana kuliko Japani, na mara nyingi ulimlipa wewe mwenyewe.

Kwanza tuitendee haki habari hiyo, maana si uzushi wa mitandaoni. Mei 2023 Toyota ilitangaza yenyewe kwamba taarifa za magari ya wateja takriban milioni 2.15 wa Japani, waliokuwa wamejiunga na huduma za T-Connect, G-Link na G-Book, zilikaa wazi kwenye seva tangu Novemba 2013 hadi Aprili 2023 kwa sababu seva ilipangwa vibaya. Zilikuwamo namba ya chesisi, mahali gari lilipo na saa. Desemba 2024 ikajulikana Ujerumani kwamba taarifa za magari ya umeme yapatayo 800,000 ya kundi la Volkswagen zimeachwa wazi vivyo hivyo, na kwa zaidi ya nusu yake mtu angeweza kuona kwa usahihi gari linalala wapi. Marekani nako, Januari 2025, tume ya serikali inayosimamia biashara ilitangaza hatua dhidi ya General Motors kwa kukusanya mahali magari yalipo, wakati mwingine kila baada ya sekunde 3, pamoja na namna dereva anavyokimbia na kufunga breki, na kuziuza taarifa hizo kwa kampuni ambazo ripoti zake zinatumiwa na bima kupanga bei. GM ikazuiwa kwa miaka 5 kuzipa kampuni za aina hiyo taarifa za madereva. Taasisi ya Mozilla nayo, Septemba 2023, ilipitia sera za chapa 25 za magari na hakuna hata moja iliyopita mtihani.

Sasa tuje kwenye gari lililotoka mnadani Japani, likapitia bandari ya Dar es Salaam na kufika hapa. Kinachotuma taarifa ndani ya gari ni kisanduku kimoja kidogo. Toyota wanakiita DCM, Nissan na wengine TCU. Kimefichwa nyuma ya dashibodi au chini ya kiti, kina laini yake ya simu iliyowekwa kiwandani na antena yake juu ya paa. Bila laini hai, kisanduku hicho hakina pa kupeleka chochote. Toyota walianza kukiweka kama kifaa cha kawaida Juni 2018 kwenye Crown mpya na Corolla Sport. Kabla ya hapo kilikuwa cha magari ya bei kubwa au cha kuagiza. IST, Probox, Vitz na Noah za zamani kwa kawaida hazina kabisa. Crown za miaka ya 2008 na kuendelea, na Harrier zile mnazoziita Anaconda, nyingine zinacho, lakini laini ni ya Japani na mkataba ulikuwa wa mwenye gari wa kwanza. Tena huduma ya G-Book ilifungwa tarehe 31 Machi 2022, pale mtandao wa 3G wa KDDI, kampuni ya simu ya Japani, ulipozimwa, kwa hiyo hata gari lingerudishwa Japani leo, kisanduku cha huduma hiyo hakina mtu wa kuzungumza naye. Kile kitufe cha HELPNET au SOS kilicho juu, karibu na taa ya kusomea, usikitegemee siku ya ajali njia ya Itigi. Hakipigi popote.

Wanaopaswa kuuliza zaidi ni wenye magari mapya kutoka kwa wakala hapa nchini na wenye magari yaliyotoka Uingereza karibuni. Kipimo chake ni rahisi: zima Bluetooth na Wi-Fi ya simu yako, washa gari, tazama skrini. Ukiona alama ya mtandao wa simu na gari halijaunganishwa na kitu, gari lina laini hai. Hapo ingia kwenye mipangilio uangalie akaunti ya nani imesajiliwa kama mmiliki. Gari linapouzwa, akaunti ya mmiliki wa zamani haifutiki yenyewe, na mwenye akaunti anaweza kuona gari liko wapi, na kwa baadhi ya magari hata kufungua milango kwa simu. Kubadilisha jina kwenye kadi ya gari hakugusi kitu hicho. Mwambie muuzaji aitoe akaunti yake mbele yako kabla hujamaliza kulipa. Akishapokea hela yote na kuzima simu, utahangaika na makao makuu ya kampuni kwa barua pepe.

Kisichotumwa popote lakini kimehifadhiwa ndani ya gari ni jambo jingine, na hili linawahusu wengi. Ukiunganisha simu kwa Bluetooth na kukubali ombi la kunakili majina, redio inachukua kitabu chako chote cha simu na orodha ya simu ulizopiga na kupigiwa. Navi, yaani ramani ya gari ya kuelekeza njia, inahifadhi sehemu ulizotafuta na ile uliyoiandika kama nyumbani. Fungua navi ya Crown yenye diski ngumu, na mara nyingi utakuta nyumba ya Mjapani bado imewekewa alama kwenye ramani, na pengine majina ya jamaa zake. Ya kwako nayo ndivyo atakavyoyakuta atakayenunua gari kwako kupitia dalali. Kabla ya kuuza, au kabla ya kuliacha gari yadi, ingia kwenye mipangilio utafute sehemu ya kufuta taarifa binafsi. Kama skrini iko kwa Kijapani, chukua simu nyingine, fungua programu ya tafsiri inayotumia kamera, ielekeze kwenye skrini, utasoma kila kitufe. Futa taarifa binafsi, futa simu zote zilizounganishwa moja moja, kisha zima gari, liwashe tena, uhakikishe zimeondoka kweli.

Lakini usijaribu kufuta kwa kuchomoa betri! Ushauri huo unatembea sana mjini na umeharibia watu redio. Kumbukumbu ya majina na ramani haitegemei umeme wa betri, kwa hiyo ukichomoa hakuna kinachofutika. Kinachotokea ni kwamba redio nyingi za Toyota za Japani zikikatiwa umeme zinajifunga na kudai kadi ya SD ya ramani, au namba ya kufungulia inayotafutwa kwa kutumia namba ndefu iitwayo ERC inayojitokeza kwenye skrini. Kadi ya SD ya ramani, watu wengi waliichomoa zamani wakaitia nyimbo. Hapo umebaki na skrini iliyofungwa, na taarifa zako bado zimo ndani.

Wengi wameshachoka na navi ya Kijapani, na ile FM ya Japani inayoanzia 76 MHz na kuishia 90 au 95, wakabadilisha na redio ya Android ya inchi 9 au 10. Hapo mambo yanageuka, maana sasa umeweka ndani ya gari kompyuta yenye GPS, maikrofoni na mtandao, inayofanya kazi vizuri kabisa hapa Tabora. Tatizo kubwa la redio hizi ni akaunti ya Google. Ili kupakua programu, ama mwenye gari anaingiza akaunti yake ileile yenye picha, barua pepe na majina yote, na inabaki wazi kwa yeyote anayekaa kiti cha mbele, akiwamo muosha magari. Ama fundi anaingiza akaunti yake mwenyewe ili amalize kazi haraka, na kuanzia siku hiyo unachotafuta kwenye ramani kinaweza kuhifadhiwa kwenye akaunti ya fundi. Fungua mipangilio ya redio yako leo, sehemu ya akaunti, usome jina lililoandikwa pale. Kama si lako, liondoe. Tengeneza akaunti nyingine ya gari tu, isiyo na majina wala picha, na uizimie historia ya mahali. Mtandao wa kutoka kwenye simu uwashe unapouhitaji, uzime ukimaliza. Utaokoa na bando.

Ukitaka kuirudisha redio ya Android kama mpya kabla ya kuuza gari, piga kwanza picha za kurasa za mipangilio ya kiwandani, hasa ukurasa wa CANBUS (unaoiwezesha redio kuwasiliana na kompyuta za gari) na wa vitufe vya usukani. Kufuta kila kitu mara nyingine kunaondoa na mpangilio huo, kisha kamera ya nyuma haiji na vitufe vya sauti kwenye usukani havifanyi kazi, na mnunuzi anadhani umemuuzia gari bovu.

Tumefika kwenye GPS za kufungwa, ambazo ndizo sababu hasa ya barua hii.

Kwanza tuondoe mkanganyiko. Mabasi ya mikoani yana mfumo wa LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, unaoitwa VTS, unaofuatilia mwendo ili basi lisipite kilomita 80 kwa saa. Huo uko kisheria, lengo lake linajulikana na msimamizi wake anajulikana. Tunachozungumzia hapa ni kile kiboksi kinachofungwa mtaani kwenye IST, Hiace, bajaji na bodaboda, ama kwa sababu mwenye chombo anaogopa wizi, ama bosi anataka kujua dereva anakwenda wapi, ama mkopeshaji aliyetoa mkopo kwa kadi ya gari anataka ajue dhamana yake iko wapi.

Kinavyofanya kazi si siri. Waya mwekundu unachukua umeme wa kudumu wa volti 12, mweusi unakwenda bodi, na wa tatu, mara nyingi wa rangi ya chungwa, unasoma kama swichi imewashwa (rangi zinabadilika kwa watengenezaji, usiziamini bila kupima). Ndani kuna kipokezi cha setilaiti na laini ya kawaida ya simu. Gari likiwa safarini, kila baada ya sekunde 10 au 30 kinatuma kwenye seva mahali lilipo, mwendo, mwelekeo na kama injini inawaka. Ukipita msituni ambako mtandao umekatika, vingi vinajiwekea akiba na kutuma yote mtandao ukirudi, kwa hiyo asidhani mtu kwamba njia ya Mpanda inamficha. Kina betri yake ndogo ya kukitosha saa chache ukikata waya. Na bei yake imeshuka mno.

Hiyo bei ndogo ina gharama yake. Julai 2022 kampuni ya usalama wa mitandao BitSight, pamoja na wakala wa serikali ya Marekani wa usalama wa mitandao, CISA, walitoa onyo kuhusu GPS moja ya Kichina ya bei rahisi, MiCODUS MV720. BitSight walikadiria kwamba vifaa vya mtengenezaji huyo vipatavyo milioni 1.5 vinatumika katika nchi 169. Walichokuta ni kwamba kulikuwa na neno la siri kuu lililoandikwa ndani ya mfumo wenyewe, na neno la siri la kuanzia lilikuwa 123456, ambalo wateja wengi hawakulibadilisha. Mwenye nia mbaya angeweza kufuata gari la mtu mwingine au kulikatia mafuta. Na 123456 si ya kifaa hicho peke yake. Ndiyo desturi ya vifaa vingi vya bei hiyo. Majukwaa mengi ya bure yanaunda jina la kuingilia kutokana na tarakimu za mwisho za IMEI, yaani namba ya utambulisho ya kifaa. IMEI za boksi moja la vifaa zinafuatana. Mwenye kuijua ya kwake anaweza kubahatisha ya jirani, na kama jirani hajabadilisha neno la siri, ameingia.

Baada ya neno la siri, angalia laini. Laini nchini kwa kawaida zinasajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA. Anayefunga GPS haraka haraka anatia laini aliyoisajili yeye, kwa jina lake, na kukupa wewe programu ya simu tu. Maana yake ni kwamba kwa mtandao wa simu mwenye hiyo laini ni yeye, namba zinazoruhusiwa kukiamuru kifaa kwa meseji alizipanga yeye, na akaunti kuu kwenye seva ni yake. Wewe umepewa akaunti ndogo ya kutazama. Siku mkikosana, au siku mmoja wa vijana wake akiondoka na orodha, safari zako za miezi zimo humo: unapolala, unapochukua hela Jumamosi, saa ambayo nyumba haina mtu. Dawa yake ni kwenda dukani kwa mtandao wa simu mwenyewe, usajili laini kwa namba yako ya NIDA, uikabidhi kwa fundi mkiwa pamoja. Ukishafunga, piga *106# kwenye simu yako uone laini zilizo chini ya namba yako, ujue ipi ni ya gari, usije ukaifuta baadaye ukidhani ni ya matapeli.

Maikrofoni nayo isisahauliwe. Baadhi ya vifaa hivi vina tundu dogo la maikrofoni, vilitengenezwa hivyo ili mwenye gari lililotekwa asikilize. Namba iliyoruhusiwa ikikipigia, kinapokea kimya kimya na ndani ya gari hakuna mlio wala taa. Kwa gari la familia au la abiria hatuoni sababu ya kuiacha. Mwambie fundi asiichomeke kabisa. Kama imeshafungwa, fuata waya mwembamba unaotoka kwenye kifaa kwenda karibu na usukani au nguzo ya mlango, uchomoe. Kazi ya kuonyesha mahali haiathiriki.

Rilei ya kuzima gari ndiyo inayotutisha kuliko yote, ingawa wateja wanaipenda. Ni rilei ya kawaida, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, ya volti 12, ya ampea 30 au 40. Waya wa pampu ya mafuta unakatwa na kupitishwa kwenye mguu wa 30 na wa 87a, ambao umefunga wakati wote. Kifaa kikipata amri kinapeleka umeme kwenye mguu wa 85 na 86, mguso unaachia na injini inazima. Fundi mvivu hatafuti waya wa pampu kwa sababu unamlazimu kunyanyua kiti cha nyuma. Anakata waya wa IG, yaani umeme mkuu wa swichi ya ufunguo, chini ya usukani. Tofauti yake ni kubwa. Ukikata pampu, injini inazima lakini kompyuta nyingine zinabaki na umeme. Ukikata IG, gari kama IST lenye usukani wa umeme linapoteza msaada wa usukani, ABS (inayozuia tairi kukwama ukifunga breki) na mifuko ya hewa kwa mpigo mmoja. Breki nazo zinabaki na upepo wa kukanyaga mara mbili au tatu, kisha pedeli inakuwa ngumu. Hebu fikiria hilo likitokea kwenye mteremko, nyuma yako kuna lori la tumbaku.

Vifaa vyenye akili havikubali amri hiyo mpaka mwendo ushuke chini ya kilomita 20 kwa saa na setilaiti ziwe zinaonekana. Vya bei ya chini vinakubali wakati wowote. Omba uonyeshwe kabla ya kulipa: gari liwe barabara tupu, mwendo kama 40, fundi atume amri. Likizima, kifaa hicho kirudishwe. Ubovu mwingine unakuja taratibu: waya umesokotwa kwa mkono na kufungwa seloteipu, vumbi na mtikisiko wa barabara za vijijini vinaulegeza, mguso wa rilei unaungua, na baada ya miezi gari linaanza kuzima lenyewe. Watu wanabadilisha pampu, plagi na koili kabla ya mtu kukumbuka kwamba kuna rilei.

Mwenye gari la mkono wa pili anaweza kuwa na GPS asiyoijua, ya mkopo wa mwenye gari wa zamani. Anza kwa macho: tundu la OBD, lile la kuchomekea mashine ya kupimia gari, lenye miguu 16 chini ya usukani, nyuma ya redio, nyuma ya boksi la dashibodi, pembeni ya boksi la fyuzi, chini ya kiti cha nyuma karibu na pampu. GPS inahitaji kuona anga, kwa hiyo hufichwa chini ya plastiki, ni nadra kuwekwa chini ya bati. Tafuta waya uliotobolewa na kuunganishwa. Kiwanda hakiunganishi waya kwa seloteipu. Zenye sumaku na betri yake hubandikwa nje, ndani ya bampa au juu ya fremu. Usiku kukiwa kimya, zima injini, washa redio ya AM. Mlio wa titititi kila baada ya muda, simu yako ikiwa mbali, ni dalili ya laini ya 2G inayotuma.

Kipimo cha uhakika zaidi ni mita. Ukiwa na mita ya kubana waya inayosoma milliampea, ibane kwenye waya wa hasi wa betri. Ukiwa na mita ya kawaida, ile redio ya SD inakusubiri ufanye kosa: kabla hujachomoa kichwa cha betri, unganisha waya wa pembeni kutoka nguzo ya hasi hadi kwenye waya wake, kisha chomoa, weka mita kwenye ampea 10, ndipo uondoe ule waya wa pembeni. Kwa njia hiyo umeme haukatiki hata mara moja. Funga milango, toa ufunguo, subiri nusu saa kompyuta zilale, na usifungue mlango wala kuwasha swichi mita ikiwa bado iko pale. Gari lisilo na kasoro kwa kawaida linabaki chini ya milliampea 50. Ukiona zaidi, au namba inaruka juu na kushuka kwa vipindi vinavyofanana, chomoa fyuzi moja moja hadi itulie, lakini fyuzi inayolisha kumbukumbu ya redio iache iwe ya mwisho kabisa. Kwenye Toyota anza na fyuzi ya OBD, kisha zile zenye umeme wa kudumu. Ukiipata yenye hatia, fuata waya wake.

Ukikipata kifaa na una mkopo unaoendelea, usikiguse. Mkataba wako huenda unakufunga, nenda kwa mkopeshaji. Kama huna mkopo na gari ni lako, kiondoe, na waya wa pampu urudishwe kama ulivyokuwa kwa kuunganishwa kwa risasi ya kuchomelea na kufunikwa. Ukiamua kukibakiza ukitumie mwenyewe, badilisha laini na neno la siri siku hiyohiyo. Kwa vifaa vya aina ya TK103 meseji ni password, ikifuatiwa na neno la zamani bila nafasi, kisha nafasi moja na neno jipya lenye tarakimu sita. Kwa vile vya aina ya GT06 meseji zinaishia na alama ya reli: STATUS# inakupa hali ya betri na mtandao, na GPRSSET# inakurudishia jina la seva kinakopeleka taarifa. Kisipojibu, angalia kwanza kama laini ina salio la meseji. Laini yenye bando la intaneti pekee haijibu kitu, na watu hudhani kifaa kimekufa.

Kwa wakopeshaji na mabosi tunasema hivi. Kujua dhamana yako iko wapi ni haki yako, na kujua Hiace yako iko wapi pia. Ila dereva anayelala na gari nyumbani kwake naye ni mtu mwenye siri zake, na mahali anapokuwa baada ya kukabidhi hesabu si biashara ya bosi. Aambiwe kwamba GPS ipo, na nani anaitazama. Na mkopo ukiisha, kifaa na rilei viondolewe kwa gharama ya aliyevifunga, na akaunti ifutwe. Mikataba tunayoonyeshwa na wateja ina sentensi moja tu: mkopeshaji atafunga GPS. Haisemi nani anaona, kwa muda gani, seva iko nchi gani, wala lini kitatolewa.

Sheria ya hayo tunayo. Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilizinduliwa na Rais Samia tarehe 3 Aprili 2024. Anayekusanya taarifa binafsi anatakiwa ajisajili kwenye Tume, akusanye kwa lengo lililotajwa, na kuna masharti ya kusafirisha taarifa nje ya nchi. Mwenye taarifa ana haki ya kuuliza zinazomhusu na kupeleka malalamiko. Safari za gari la mtu anayejulikana jina, simu na namba ya gari ni taarifa binafsi, na kwa uelewa wetu kijana mwenye meza ya kufunga GPS stendi, mwenye magari ya watu kwenye simu yake moja, yumo ndani ya sheria hiyo sawa na benki. Wengi wao hawajawahi kuambiwa, na hatuwalaumu sana kwa hilo.

Kwa hiyo tunaiomba Tume ichapishe magazetini, kwa mikoa, majina ya kampuni za kufunga GPS na za mikopo ya kadi ya gari zilizokwisha kujisajili, ili mteja wa Tabora, Kaliua au Igunga aweze kuangalia kabla ya kutoa gari lake. Itoe pia fomu ya ukurasa mmoja ambayo mfungaji ataijaza na kusaini: IMEI ya kifaa, namba ya laini na imesajiliwa kwa nani, jina la seva, nani mwingine ana akaunti, rilei imekata waya gani, na tarehe ya kuondolewa. Fomu hiyo haigharimu kitu, na sisi mafundi tuko tayari kuanza kuitumia hata kabla haijawa amri.

Mafundi umeme wa magari,
Tabora Mjini.